Jinsi ya kukaa kikao na polisi mtaani kwenu hapa Arusha, kikazaa kitu

Mwizi akidakwa saa nane usiku huku Sombetini, Unga Limited au Muriet, yanayomkuta zile dakika za mwanzo yanategemea sana watu wanakionaje kituo chao cha polisi. Kama wanaamini akifikishwa pale ataandikwa, atapelekwa mahakamani na wao wataitwa kutoa ushahidi, kuna mtu atatoa simu apige. Kama wanaamini kesho saa nne atakuwa anapita palepale dukani anamtafuta aliyeita polisi, hapo wanaanza kuulizana petroli iko wapi. Nimekulia hapa Chuga na nimeyaona yote mawili, na wenzetu wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamekuwa wakiyaandika haya mauaji ya wananchi wenye hasira kwenye ripoti zao mwaka baada ya mwaka, kwaiyo sio shida ya mtaa wangu peke yake.

Nipo kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, na watu wa mitaa mingine wamekuwa wakiniuliza mlifanyaje mpaka afande akaja akakaa na nyie na watu wakafunguka. Nimeona niandike yote sehemu moja. Hii haihusu kuipamba polisi wala kuichafua, inahusu mtaa kufika mahali ambapo binti aliyepigwa na mume wake anajua aende wapi na anaenda kweli.

KABLA HUJAMWITA AFANDE, ZUNGUKA

Msianze na barua. Anzeni kwa kutembea. Nenda kijiwe cha boda, nenda saluni, kaa na kina mama wa vikoba siku ya kuweka hisa, pita gereji, pita maskani kwa vijana, na uliza swali moja tu: ukiibiwa leo utaenda polisi? Alafu nyamaza. Usimkatize mtu, usimtetee afande, usiseme "lakini sio wote". Mtu akishamaliza ndo unauliza, hili ulikutana nalo mwenyewe au ulisikia?

Hilo swali la pili ni la muhimu kuliko unavyodhani. Utashangaa nusu ya mambo tunayoyaamini kuhusu kituo chetu tumeyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu, na siku ya kikao afande akigundua unamletea ya kusikia atayatumia hayo kuyafuta na yale ya kweli. Kwaiyo kwenye daftari lako weka alama pembeni, ameona, amesikia. Na mazuri andika pia, maana yapo. Kwetu kina mama wengi walimsifia askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto, kwamba anakuingiza ndani, anafunga mlango, anakusikiliza mpaka mwisho bila kukuuliza ulimkosea nini mumeo.

Malalamiko yanayojirudia nadhani mitaa mingi ya Arusha na Moshi yanafanana. Unaripoti umeibiwa unaambiwa changia mafuta ya gari ndo twende eneo la tukio. Kijana amekaa maskani hana kosa anapandishwa difenda, lile gari la polisi, akifika anabambikiwa uzururaji au bangi. Boda anasimamishwa anatoa elfu tano mkononi, risiti hamna. Na kubwa kuliko yote, lile lililotuumiza zaidi, jina la mtoa taarifa kuvuja.

Hili la kuvuja nitalieleza maana lilitokea karibu na mimi. Mama mmoja jirani alienda kituo kimoja, sitakitaja, akaeleza kuhusu nyumba inayouza gongo na bangi mpaka kwa watoto wa shule. Kabla ya magharibi mwenye ile nyumba alikuwa amesimama kwenye geti lake, anamsalimia vizuri kabisa, shikamoo mama fulani, nasikia leo ulitutembelea kule. Hakumgusa. Hakumtukana. Alisalimia tu akaondoka, na toka siku ile upande ule wote wa mtaa watu waliacha kabisa kupeleka taarifa polisi, hata za mambo madogo, hata mtu akivunjiwa dirisha analitengeneza kimya kimya. Askari mmoja kaongea neno moja na mtu asiyetakiwa, na waliolipia ni askari wengine wote wa kituo kile ambao hawajui hata kwanini hawapigiwi simu. Na wahalifu wanalijua hilo haraka kuliko sisi, wanajua upande gani watu hawasemi.

MAMBO YA ZAMANI YATAKUJA TU, YAPE NAFASI YAKE

Arusha ina kumbukumbu. Januari 5, 2011 polisi walizuia maandamano ya CHADEMA hapa mjini, risasi zikatembea na watu walikufa. Juni 15, 2013 bomu lilirushwa kwenye mkutano wa kampeni viwanja vya Soweto, na mpaka leo wapo wanaobishana nani alifanya na polisi walifanya nini siku ile. Ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sina haja ya kuyaeleza, bado mabichi na kuna nyumba hayatajwi mezani. Huwezi kuitisha kikao cha polisi na wananchi ukajifanya hayo hayapo, watu watakuona umetumwa.

Ila ushauri wangu, yape dakika zake mwanzoni, mtu aliyeumia aseme, na mwenyekiti wa kikao aseme wazi kwamba afande wa kata hana majibu ya hayo na hatumlazimishi kuyatoa. Ukiyaacha yatawale kikao kizima hamtafika kwenye yale ambayo yule afande ana uwezo wa kuyabadilisha wiki ijayo. Alafu kumbukeni kitu kimoja, askari anayekaa kaunta sasa hivi inawezekana 2011 alikuwa anasoma shule ya msingi huko Kigoma au Mtwara, amepita mafunzo pale Shule ya Polisi Moshi, wengi bado tunaiita CCP, akapangiwa Arusha hajui hata Ngarenaro iko upande gani. Anavaa gwanda lenye historia ambayo yeye hakuiandika. Hilo halifuti kilichotokea, ila linakusaidia kuongea na mtu badala ya kuongea na gwanda.

UNAMWITA NANI SASA

Polisi kata. Kila kata inatakiwa kuwa na wake, siku hizi mara nyingi ni mkaguzi mwenye nyota begani, na kazi yake hasa ndo hii, kukaa na nyie. Wengi hawamjui kwa sura, na mtu mnayemjua kwa sura ni rahisi zaidi kumbana. Barua iandikwe na mwenyekiti wa mtaa, ipite kwa mtendaji, nakala kwa mkuu wa kituo ili asije kusema hajui. Sishauri kuanza kwa RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, hata kama kuna mtu mtaani ana namba yake. Mkubwa akija anakuja na msafara na waandishi, mnapata hotuba nzuri, picha zinapigwa, na kesho kaunta iko vilevile.

Msiandike barua ya kuomba fadhila. Polisi jamii na ulinzi shirikishi ni sera ya jeshi lenyewe, ilisukumwa sana wakati IGP, mkuu wa jeshi la polisi, alikuwa Said Mwema, 2006 mpaka 2013, na waliofuata wamekuwa wakiisema kila jukwaa. Kwaiyo mnamwita aje afanye kazi yake, kwa heshima. Kwenye barua wekeni mambo manne au matano yatakayoongelewa, bila majina ya askari, maana mtu akivamiwa na jambo mbele ya watu atajitetea tu, akipewa muda atakuja na jibu. Ombeni aje na askari wa dawati la jinsia. Kama boda ni wengi ombeni na mtu wa trafiki. Na ombeni, kwa maneno ya upole, waje bila bunduki. Sisi tuliandika "kutakuwa na watoto na wazee" na ikaeleweka.

Mahali: usifanyie kituoni, usifanyie ofisi ya chama chochote. Darasa la shule ya msingi ni zuri. Muda ni Jumapili alasiri watu wametoka ibada na kina mama hawajaanza kupika cha usiku. Alafu ile meza kuu yenye kitambaa na maji ya chupa iondoeni kabisa, afande akikaa mezani na mwenyekiti ule unakuwa mkutano wa hadhara na watu wataongea kama wako kwenye mkutano wa hadhara, yaani watapongeza au watazomea. Panga viti mduara, na yeye apate kiti kama cha wengine.

KARATASI ZISIZO NA MAJINA

Hii ndo iliyotubeba. Gawa vikaratasi na kalamu mlangoni, kila mtu aandike swali moja bila jina, zinakusanywa kwenye ndoo, anasoma mtu mmoja anayeheshimika ambaye hana mambo na upande wowote. Kwetu alisoma mwalimu mstaafu. Asiyejua kuandika ananong'ona kwa binti mmoja anaandikiwa. Ukiacha watu wanyooshe mikono, watanyoosha walewale ambao hawaogopi, na shida yenu ni wale wanaoogopa.

Kwetu karatasi mojawapo za mwanzo ilikuwa na mstari mmoja, "Kwanini mnapenda kukamata Ijumaa jioni?" Watu wakacheka, alafu kukawa kimya, wote wanamwangalia afande. Akavua kofia akaiweka gotini. Akasema ukweli mahakama hazikai wikiendi, na wapo askari wanaolitumia hilo vibaya, alafu akasema na hiki ambacho watu wengi pale walikuwa hawajui, kwamba dhamana ya polisi haisubiri Jumatatu, ukikamatwa Ijumaa kwa kosa lenye dhamana unaweza kudhaminiwa Ijumaa ileile. Akasema yeyote atakayenyimwa bila sababu ampigie yeye. Mwalimu akamwambia basi afande tupe namba. Akataja, mwalimu akaiandika ubaoni kwa chaki, watu wakatoa simu wakaanza kuibonyeza, wengine walimpigia palepale kumjaribu na simu yake ikaita mfukoni. Mabango yote ya polisi jamii niliyowahi kuona hayajafanya kilichofanywa na ile simu kuita mfukoni.

Msitegemee kila jibu litakuwa hivyo. Swali la jina kuvuja alilijibu juu juu, watu walionekana hawajaridhika, na tulilirudia mpaka tukakubaliana kitu, kwamba taarifa nyeti zipite kwake mwenyewe au kwa askari wa dawati, sio kaunta mbele za watu. Kama jibu ni jepesi lirudie. Ukarimu wetu wa kumpigia mgeni makofi usiwafanye muache jambo njiani.

MTAA UJUE HAYA KABLA YA SIKU YA KIKAO

Nitapita haraka maana mengi yanajulikana ila yanasahaulika ukiwa na hofu. Kufungua taarifa na kupewa namba ya RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, ni bure. Fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali ukiwa umejeruhiwa ni bure. Dhamana ni bure, unachohitaji ni mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtaa, na hapo viongozi wenzangu wa mitaa na sisi tujiangalie, maana kuna wanaochelewesha ile barua mpaka wapewe chochote alafu lawama inaenda polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani au adhaminiwe ndani ya saa 24, ukiacha makosa ya adhabu ya kifo. Boda na bajaji, faini ilishushwa kwenye bajeti ya 2021 toka elfu 30 mpaka elfu 10 kwa kosa, na inalipwa kwa kontrol namba. Askari asiyekupa kontrol namba hajakuandikia faini. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113, na 116 ni ya watoto, hiyo wafundisheni na watoto wenyewe.

"POLISI WAMEMWACHIA"

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye moto. Mtu kaiba, kapelekwa, kesho kutwa yuko mtaani. Mtaa mzima unasema kahonga. Inawezekana kahonga, sikatai, tumeona. Lakini mara nyingi ni dhamana, na dhamana sio kuachiwa, ni kurudi nyumbani kesi ikiendelea, na ni haki yake kwa sababu Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inasema hakuna mtu atakayetendewa kama mkosaji mpaka ithibitike. Ni ileile haki unayoitaka kwa mwanao akikamatwa Ijumaa. Hatuwezi kuidai kwa wetu alafu tukaiita rushwa ikienda kwa wa jirani.

Na kuna la pili ambalo ni letu sisi. Kesi nyingi ndogo zinakufa kwa sababu mashahidi hawatokei. Mama wa mbogamboga pale Kilombero akiitwa mahakamani, siku hiyo hauzi, anapanda daladala, anakaa kwenye benchi mpaka saa sita anaambiwa kesi imeahirishwa, mara ya pili haendi, mara ya tatu haendi, hakimu anaifuta, na kijana anarudi mtaani anatamba. Hapo polisi hawajamwachia, ila aibu imewaangukia wao na hasira yetu imeongezeka, na siku kijana huyo akidakwa tena hakuna atakayesema tumpeleke kituoni.

Kwaiyo kwenye kikao ombeni vitu viwili. Polisi kata akubali kuleta mrejesho wa kesi za mtaa, hii iko mahakamani, huyu yuko dhamana, hii imefutwa kwa sababu fulani, isomwe kwenye mkutano wa mtaa. Watu wakijua sababu, uvumi unakosa pa kukaa. Na mtaa ukubali kumsindikiza shahidi. Sisi tunachanga nauli ndogo na mtu mmoja wa kamati anaenda naye, anakaa naye kwenye lile benchi. Inasaidia sana, shahidi akiwa peke yake na ndugu wa mshtakiwa wanamkodolea macho ni rahisi kusahau alichokiona.

Alafu semeni wazi mbele ya afande na mbele ya vijana wenu kwamba mtaa huu hauchomi mtu. Anayetia tairi anaweza kushtakiwa kwa mauaji kama muuaji mwingine yeyote, na mara ngapi tumesikia aliyechomwa alikuwa mgonjwa wa akili au mpita njia aliyekimbia kwa sababu alikimbizwa. Mkubaliane nani anapigiwa simu usiku, nani anasimama kumlinda mtuhumiwa mpaka gari ifike, na kama kituo kidogo hakina gari, kama vilivyo vingi, mkubaliane mapema usafiri wa dharura ni upi ili suala la hela ya mafuta lisizaliwe pale gizani.

AKIKUKOSEA ASKARI BAADA YA HAYO YOTE

Itatokea. Andika siku, saa, mahali, namba ya gari, namba ya askari kama umeiona, waliokuwepo. Anza kwa polisi kata, panda kwa mkuu wa kituo, alafu OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, alafu RPC, kwa barua yenye nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ikiwa ni hela, TAKUKURU. Ikiwa ni kupigwa au kuwekwa ndani siku nyingi, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na wasaidizi wa kisheria wa kata wanakusaidia kuandika bure. Usianze kwa kurusha video ya askari mtandaoni kabla hujapeleka malalamiko, najua inaleta raha na wakati mwingine ndo inasukuma mambo, lakini mara nyingi anahamishwa tu anaenda kuwasumbua wengine na wewe unabaki huna faili lolote.

Na kwa upande wa askari wanaosoma hapa, maana mpo. Arusha tuna mpaka kituo cha polisi cha utalii na diplomasia, na mgeni anayepoteza pasi yake anapewa kiti, anasikilizwa, anaongeleshwa kwa upole. Mnajua kufanya. Bibi wa Sokoni II aliyeibiwa kuku wake wote anastahili kiti kilekile.

KIKAO KIMEISHA, SASA

Ndani ya wiki mbili katibu aandike walichokubaliana kwenye ukurasa mmoja, polisi kata asaini, mwenyekiti asaini, ibandikwe dukani na kijiwe cha boda. Kikao cha pili kiwe ndani ya miezi mitatu, kifupi tu, mnasoma ule ukurasa mstari kwa mstari, limefanyika, halijafanyika, kwanini. Watu wakiona cha pili kimefanyika ndo wanaamini kile cha kwanza.

Na jiandaeni na uhamisho, maana afande mliyemzoea atahamishwa, mara nyingi bila kuwaaga. Daftari la kikao likae kwa katibu wa mtaa, lisikae kwenye simu ya mtu, na wiki ya kwanza ya afande mpya watu watatu wa kamati waende kumkaribisha nalo mkononi, wamwonyeshe ukurasa wenye saini ya mwenzake, wamwombe na yeye namba ya simu.